Mji Aliopewa Mreno

Jumamosi ya pili ya Agosti, mwaka wa themanini na sita, Hannah Kambi alichemsha mihogo, akaitia katika bakuli la bati, akaifunga kwa leso kuukuu na kwenda kusimama kando ya barabara ya Jilore. Akina mama kumi na wanne wa kanisa lao walikuwa wakienda Malindi kucheza. Lori la kuwachukua lilikuwa limebeba mchanga jana yake, kwa hivyo kila mmoja alikuja na gunia lake la kukalia.

Mchezo wenyewe aliuleta Mwalimu Phineas, mtu wa bara mwenye kipara na miwani, aliyefundisha shule ya Jumapili. Alikuwa ameuona kwenye kambi ya kanisa huko kwao. Huficha makopo ya mafuta ya Kimbo mahali pa kale, kisha huwapa watu karatasi ya kuwaelekeza. Anayelipata kopo hulifungua, huandika jina lake katika daftari lililomo, huchukua kitu kimoja na kuacha kingine, kisha hulirudisha palepale. Makopo yalikuwa manne. Mshindi angepewa sufuria mpya namba sita. Kwenye karatasi zile hakuchora ramani. Alikuwa ameonywa kwamba mama wa pwani ukimpa ramani atafunikia uji, lakini ukimpa kitendawili hatalala.

Kwa vitendawili, Hannah alikuwa hana mshindani tangu Jilore hadi Kakuyuni. Katika umri wake wa miaka sitini na minne alikuwa ametoa mji mara nne tu. Na sheria ni ileile tuliyokua nayo sote: ukitegewa ukashindwa, aliyekutega hukwambia nipe mji. Unamtajia. Anakwenda huko kwa maneno, anakaribishwa, anakula, anakunywa, akirudi ndipo akupe jibu. Bibi yake Hannah alimfundisha mapema kwamba mji wa kutoa ni ule ambao hulali humo. Toa Mombasa, toa Lamu, toa hata Ulaya, lakini mji unaolala wewe na watoto wako usiutoe, hata kwa mchezo. Hannah hakuuliza kwa nini. Hayo mambo hayaulizwi, kama vile huulizi kwa nini ufagio hauletwi mezani.

Mpaka saa sita mchana makopo matatu yalikuwa yamepatikana, mawili kati yake na Hannah. *Nimesimama peke yangu nachungulia bahari, aliyenisimamisha hakurudi.* Kabla Mwalimu hajamaliza kusoma, Hannah alikwisha kukunja leso yake na kushika njia ya kwenda kwenye nguzo ya Wareno.

"Huyu mama angezaliwa mwanamume angekuwa polisi," alisema Mueni. Mueni alikuwa Mkamba wa Kitui, muuza nyanya sokoni, na alicheka kwa nguvu kiasi cha kuwageuza watu barabarani.

"Polisi hatafuti, mwenzangu," Hannah alimjibu. "Polisi huletewa."

Karatasi ya nne ilisema: *Nyumba ya Mungu, ndogo kuliko jiko la hoteli. Wenyeji wake wamelala nje.* Hapo hata Mapenzi, mke wa mwanawe Hannah, ambaye hakuwa mjuzi wa mambo hayo, alijua. Lilikuwa lile kanisa dogo la Wareno kule mtaani Shella, lenye kuta nyeupe na paa la makuti, na makaburi ya mawe yasiyo na majina mbele yake. Wakaenda kwa miguu, wakimenya mihogo njiani.

Walipopita lango, kelele za barabara zilikatika kama redio iliyoishiwa na betri. Mlinzi alikuwa amekwenda kula. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa bara, na vivuli vya makaburi vilikuwa vimelala kuelekea huko huko liliko jua. Mapenzi aliviangalia, kisha akahamisha kikapu chake kutoka mkono huu hadi mkono ule. Ndani ya kanisa mlikuwa na mabenchi machache na harufu ya kamba iliyolowa.

Kopo halikuwa kopo. Katika ufa wa ukuta wa nyuma Hannah alitoa kijisanduku cha shaba chenye kutu ya kijani. Mwalimu Phineas alikitazama, akasema kopo lake yeye alilificha upande wa pili, lakini hiki nacho kina daftari, kwa hivyo kihesabiwe. Daftari lilikuwa nene na lenye unyevu. Halikuwa na jina la mtu hata mmoja. Lilikuwa na majina ya miji, ukurasa baada ya ukurasa: Mombasa, Pate, Kilwa, Mombasa tena, Lamu, Unguja, Nairobi, London, Nairobi, London, London.

"Watoto wa shule," ilisema sauti kutoka nje. "Siku hizi wote hunipa London."

Kwenye kaburi la pili kutoka mlangoni alikuwa ameketi mwanamume mwenye ndevu nyekundu na shati lisilo na vifungo. Miguu yake ilikuwa inachuruzika maji, na jiwe chini yake lilikuwa limelowa.

"Shikamoo," walisema akina mama.

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?"

Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha zamani, kama cha wazee wa Malindi wanaposoma barua kwa sauti. Alisema anaitwa Duarte. Alikuwa seremala wa merikebu, akashikwa na homa, akazikwa hapo, na wenzake waliomzika walimwahidi kwamba wangempitia msimu ujao. Daftari ni lake. Kila anayelifungua hutegewa.

"Basi tega," alisema Hannah, akaketi juu ya gunia lake. Miguu ilikuwa inamuuma, na sufuria ilikuwa karibu.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Bahari mbele, bahari nyuma, kiu katikati."

"Kisiwa," alisema Hannah.

"Sicho."

"Chumvi," alisema Mapenzi.

"Siyo."

"Kaa. Pweza. Nahodha mlevi," alisema Mueni, na wengine wakacheka, isipokuwa Hannah, aliyekuwa amefumba macho. Alijaribu nazi, alijaribu chombo kilichotoboka, alijaribu jicho la mtu anayelia. Duarte alitikisa kichwa kila mara kwa upole. Mwishoni Hannah alifumbua macho, na wote wakajua.

"Nipeni mji," alisema Duarte.

"Twaa Mombasa."

"Ninayo."

"Lamu."

"Ninayo, mama. Nilipewa kabla mlango wake haujapakwa rangi."

"Mzee, kwani wewe hushibi?" alisema Mueni. "Haya, twaa Kitui."

"Nilipewa na askari mmoja mwaka wa arobaini na mbili." Duarte alilifunua daftari, akamwonyesha. "Miji yote hii nimepewa na watu wasiokaa humo. Nikifika hakuna anijuaye. Hakuna anayetoka mlangoni kunipokea. Nakula kwa maneno, narudi na njaa. Nipeni mji wenye mtu wake."

Nje dereva wa lori, aliyewafuata kuwachukua, alipiga honi, nayo ikasikika kama inatoka mbali sana, ng'ambo ya maji.

Hannah alikijua kitongoji kimoja chenye mtu wake. Kilikuwa Kwa Dzombo, nyumba kumi na moja, minazi na mikorosho, kando ya njia ya Jilore. Baba mkwe wake Dzombo ndiye aliyekifyeka kutoka msituni. Alikuwa amesikia Mombasa ikitolewa mara elfu, na kila aliyekwenda huko kwa maneno akirudi na sifa, pilau lake na taa zake. Kwa Dzombo hakuna aliyewahi kwenda. Hakuna hata aliyeitaja. Akajikuta anataka kusikia, mara moja tu, mtu akisimulia alivyofika kwake.

"Twaa Kwa Dzombo," alisema.

"Mama!" Mapenzi alimshika mkono.

"Ni mchezo, mwanangu."

Duarte aliandika polepole, akiuliza kila herufi. Kisha akafumba macho, akaenda.

"Nilitoka hapa nikafuata njia ya bara," alisema. "Nikafika Kwa Dzombo mchana. Nikapokewa na mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika. Nikaketi chini ya paa la nyumba ya tatu, ambayo ukuta wake wa nyuma umeanza kupasuka na mwenyewe hajui. Nikapewa wali wa nazi na mchicha, nikanywa maji ya mtungi, yakashuka. Nikatembezwa. Minazi thelathini na minane. Kisima kimoja. Nyuma ya nyumba ya tatu kuna kaburi la bwana Kambi, na kando yake pameachwa nafasi ya mtu mmoja, pamefagiliwa vizuri, kivuli kinafika asubuhi na jioni. Nafasi ile nikaipenda sana."

Hannah aliacha kutabasamu. Alikuwa anapafagia mwenyewe kila Ijumaa. Wanawe walijua, kanisa lilijua, na marehemu Kambi aliambiwa kabla hajafa: mimi nitalala hapa, ubavuni mwako, wala usisogee. Kitu kingine duniani Hannah hakuwa anakidai.

"Na jibu?" aliuliza Mwalimu Phineas, akiwa na penseli mkononi.

"Mimi," alisema Duarte.

"Mimi nani?"

"Mimi hapa. Bahari mbele, bahari nyuma, kiu katikati."

"Haya! Anajitega mwenyewe!" alisema Mueni. "Hicho si kitendawili, mzee, hiyo ni habari yako."

Lakini mji ulikwisha kuandikwa. Hannah alipewa sufuria, akaipakata mpaka nyumbani.

Walipofika Kwa Dzombo waliwakuta watu wote wamesimama nje ya nyumba zao. Mwanawe Hannah, Lewa, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake na jembe begani.

"Mbona huingii?" Mapenzi alimuuliza mumewe.

"Nimepiga hodi. Bado sijaitikiwa."

Hannah naye, alipofika kwenye mlango aliouingia kwa miaka arobaini na sita, aliona mguu haunyanyuki. Akapiga hodi. Baada ya muda sauti ya Duarte ikajibu kutoka ndani, kwa heshima, "Karibu, mama," na mguu ukanyanyuka. Alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na mtungi. Sakafu ilikuwa imelowa hadi kitandani. Alipoulizwa amefikaje mapema hivyo, alisema alikuwa amefika tangu mchana, wao wenyewe walimsikia akifika.

Wakazoea, maana mtu huzoea. Kila nyumba ilipigiwa hodi na wenyewe, na Duarte aliitikia zote kumi na moja kutoka kwenye kigoda chake, bila kupaza sauti. Hakuwa mgeni msumbufu. Alirekebisha milango miwili na kitanda cha Lewa. Aliuona ule ufa wa ukuta wa nyuma akauziba. Lakini uji ulikuwa wa chumvi hata usipotiwa chumvi, na alfajiri nyayo zilizolowa zilionekana kutoka kigodani hadi nyuma ya nyumba, kwenye ile nafasi iliyofagiliwa. Hapo ziliishia. Hazikurudi. Ijumaa ya kwanza Hannah alipokwenda na ufagio, alikuta mchanga umebonyea, urefu wa mtu, kama pale alipolala ng'ombe.

"Baba," alimwambia Duarte, "ile nafasi ina mwenyewe."

"Najua. Nilipewa."

"Nilikupa mji. Sikukupa kaburi."

"Mji hutolewa na makaburi yake, mama. Hivyo ndivyo nilivyokuta duniani." Hakusema kwa ubaya. "Nimelala kwenye jiwe miaka mia nne. Sijapata kulala mahali palipofagiliwa."

Hannah alimwonea huruma, na hilo lilimuudhi zaidi. Alifikiri kwa siku tatu. Siku ya nne alivaa gauni la kanisani, akachukua kadi ya kubatizwa ya marehemu Kambi, ambayo ndiyo karatasi pekee waliyokuwa nayo yenye jina la Dzombo, akaenda Malindi, katika ofisi ya mambo ya mashamba. Alitaka aandikiwe hati. Mwenye hati, alijiambia, hawezi kunyang'anywa na mtu aliyeandika kwenye daftari la mchezo.

Karani aliitwa Musyoka. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza mpaka mwisho: makopo, kanisa, Mreno, mji.

"Ulitoa lini?"

"Agosti hii. Tarehe tisa."

Musyoka aliinuka, akaleta karatasi kubwa iliyokunjwa, akaikunjua mezani na kuibana kwa kikombe cha chai. Ilikuwa na mistari na namba. Alipitisha kidole njia ya Jilore mpaka kikasimama.

"Hapa hapana Kwa Dzombo, mama."

"Angalia vizuri, mwanangu. Kuna nyumba kumi na moja."

"Hapa hapana nyumba. Pana namba. Pametolewa tangu mwaka wa sabini na nane." Akafungua jalada, akasoma jina la bwana mmoja ambaye Hannah hakuwa amewahi kulisikia. "Mwenyewe yuko mbali."

"Aliwahi kufika?"

"Haijaandikwa kwamba alifika."

"Nani aliutoa?"

Musyoka aligeuza kurasa mbili, akarudi nyuma, akageuza tena. "Imeandikwa aliyepewa. Aliyetoa hajaandikwa."

Hannah alifikiri. "Walitegewa kitendawili gani hata wakashindwa?"

"Hapa hakijaandikwa," alisema Musyoka, na akatazama tena kuhakikisha, kwa kuwa alikuwa karani mwangalifu. "Wewe, mama, ulitoa kitu kisichokuwa chako. Huyo Mreno wako hana kitu. Kama ni hilo lililokusumbua, rudi nyumbani kwa amani."

Alirudi. Alipiga hodi, akaitikiwa, akaketi sakafuni mbele ya kigoda, akamweleza Duarte neno kwa neno. Duarte alisikiliza huku maji yakimchuruzika. Hannah alipomaliza, Mreno alitoa daftari lake, akaipata Kwa Dzombo kwenye ukurasa wa mwisho, akaipiga mstari. Kisha akarudi nyuma. Akapiga mstari Kitui, akapiga London zote, akapiga Nairobi, akapiga Lamu, polepole, akilowesha penseli kwa ulimi, mpaka akafika ukurasa wa kwanza.

"Hakuna aliyekuwa na mji," alisema.

"Hakuna, baba."

Tangu siku hiyo watu wa Kwa Dzombo waliingia nyumbani kwao bila hodi. Uji ulirudi ladha yake. Duarte hakuondoka. Lewa alipompeleka Shella kwa baiskeli, walikuta mlinzi amepanga kaburi lake mawe mapya na kupanda maua, na ilionekana ni ukorofi kuyang'oa. Wakarudi wote wawili. Akajengewa kibanda karibu na kisima. Alipokea sehemu yake ya mahindi, akatengeneza vigoda vinne, na Mapenzi akawa anamkemea kama baba mkwe kwa kulowesha nguo zilizoanikwa. Nyuma ya nyumba ya tatu mchanga haukubonyea tena. Hannah alipafagia Ijumaa kwa Ijumaa, na Duarte alikuwa akimshikia beseni la taka.

Mwezi wa Novemba mzee wa mtaa alikuja na karatasi, akaandika majina ya wote wanaokaa mahali pasipo pao, ili wahamishwe. Duarte alikuwa wa arobaini na moja. Alipoulizwa kitambulisho alisema kilizama, na mzee wa mtaa akaandika: kimezama. Mueni, aliyekuja siku hiyo na nyanya za kubadilisha kwa nazi, alisema angalau sasa mzee ameandikwa mahali penye watu. Hannah alimuuliza mzee wa mtaa jambo moja tu, kama mtu akifa kabla ya kuhamishwa ataruhusiwa kuzikwa hapo. Aliambiwa hilo litategemea vigingi vya mpaka vitaangukia wapi.

Wapimaji wa ardhi walifika Jumanne, watatu, watu wa heshima, na mmoja akiwa na chombo cha kutazamia chenye miguu mitatu. Waliamkia kila mtu. Waliomba maji wakapewa. Wakasema mwenzao wa nne ana malaria, wamepungukiwa na mtu wa kushika mnyororo wa kupimia, na kazi isipokwisha leo watalazimika kurudi kesho na kusumbua watu tena. Vijana wote walikuwa shambani. Duarte akashika mwisho mmoja, kule kisimani. Mwisho wa pili akapewa Hannah, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Mpimaji aliinama kwenye chombo chake. Alimwonyesha kwa mkono: nyuma, nyuma tena, kushoto kidogo. Hannah alirudi nyuma, akaipita nyumba ya tatu, akalipita kaburi la Kambi kwa uangalifu asilikanyage, na mkono ukainuliwa kumwambia hapo hapo. Alitazama chini. Mchanga ulikuwa msafi, ungali na mistari ya ufagio. Mtu wa pili alikuja na kigingi cha saruji begani, akakitua kando ya mguu wake, akaanza kuchimba.

"Umelegeza, mama," alisema mpimaji. "Vuta kidogo."

Hannah akavuta.